Plagi Zilizoota Moto wa Mkaa

Nilisafiri siku tano kutoka Maswa hadi Mbeya, nyuma ya pikapu ya petroli iliyobeba majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kuku kumi na wawili, na mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa ya kusomwa kwa sauti, na mjomba wangu aliyehamia Usangu na mifugo yake alikuwa ameagiza nipelekwe nikajifunze kulima mpunga. Tulipita Tabora. Tukakwama Rungwa siku mbili kwa sababu ya springi iliyokatika. Tukapita Makongolosi kwenye vumbi lililotufanya wote tufanane umri. Mapumziko ya mwisho yalikuwa juu ya milima, kabla ya kuteremkia Mbeya, na mimi mtu wa Maswa sikujua kwamba nchi hii ina baridi ya namna ile. Asubuhi kuku wawili hawakuamka. Pikapu nayo haikuamka.

Dereva alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno. Alifungua boneti, akatoa plagi zote nne, akazipanga juu ya makaa tuliyochomea muhogo. Zilipoanza kuwa nyekundu kwenye ncha akazishika kwa tambara, akazirudisha mbio mbio huku akipuliza vidole, akapiga ufunguo mara moja. Injini ikawaka.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Zilikuwa zinasikia baridi," akasema. "Nimeziotesha moto."

Mjomba alinisubiri Usangu na mpunga wake. Nilikwenda kumsalimia baada ya miezi saba, nikiwa na mafuta meusi chini ya kucha.

Nimeanza na safari hiyo, wadogo zangu mnaoshika spana leo, kwa sababu kosa langu kubwa lilizaliwa pale juu ya milima, na lilizaliwa likiwa muujiza. Laiti pikapu ile ingegoma kuwaka, leo ningekuwa bado fundi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Ambakisye, Mnyakyusa mwenye gereji ya mabati pale Mwanjelwa. Hakuwa na kitabu hata kimoja. Alikuwa na macho. Alitoa plagi, akaigeuza kwenye mwanga, akakueleza habari za gari na za mwenye gari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ina afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, inakula petroli kuliko inavyohitaji. Nyeusi na inateleza, oili inapanda, mwambie mwenyewe aanze kujiandaa. Nyeupe kama chokaa, inaungua kwa joto. Hayo bado ni kweli mpaka leo, na simu zenu hazijayafuta.

Mambo mengine aliyonifundisha yalikuwa ya magari yake na ya wakati wake. Pengo la plagi tulipima kwa wembe wa msumeno wa chuma. Wembe huo una pande mbili: upande wa mgongo ni mwembamba, upande wa meno ni mnene kwa sababu meno yamepindishwa huku na huku. "Meno, gwe Msukuma, meno," alikuwa akinifokea. "Mgongo ni wa pikipiki." Basi tukapima kwa meno, na zile injini za zamani zilipenda. Cheche ilipata nafasi ya kuruka, ikawa ndefu na ya bluu.

Na asubuhi za Juni, Mbeya inapokuwa na ukungu ambao unaweza kuukata na kuufunga kwenye gazeti, tulichoma plagi. Jiko tulilotumia halikuwa letu. Lilikuwa la Mama Subi, aliyeuza chai na chapati mlangoni mwa gereji.

"Ambakisye, jana mteja ameniuliza kwa nini chapati inanukia petroli."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo maana inampa nguvu ya kufika kazini. Lakini zitoe hizo, naweka maji."

Mimi ndiye niliyepelekwa kuziangalia kwenye jiko, na nikawa hodari. Nilijua kwa macho zitoke lini. Watu wa taksi wakaniita Mchoma Plagi, wakanitafuta kwa jina hilo, nami nikalipenda. Nikiwasha gari lililogoma mbele ya watu saa kumi na mbili asubuhi, nilijisikia kama yule dereva mfupi wa mlimani. Pale ambapo gari liliwaka na kuharibika baada ya wiki, Fundi Ambakisye alinifundisha neno moja la kujibu: mafuta. "Waambie wameweka mafuta mabaya. Nani atabisha? Mafuta hayasemi." Alicheka aliposema hivyo, na mimi nikacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alinilisha mwaka mzima nikiwa sijui kufungua nati ya tairi.

Sikukaa. Mimi ni mtu ambaye nikizoea mlango nautafuta mwingine. Nilifanya kazi Chimala kwenye matrekta ya mpunga, nikafanya Makambako, nikarudi Mbeya, nikaondoka tena. Mwisho nikafika Iringa, kwenye gereji moja ya Ipogolo, chini ya kilima, pale ambapo magari yote yanayopanda kwenda mjini yanakuonyesha ugonjwa wao bila kuulizwa. Ukisimama nje na kikombe cha chai unasikia tu: huyu klachi, huyu gasketi, huyu ana miezi miwili.

Miaka ya karibuni yakaanza kuja magari marefu ya familia, yenye umbo la kutisha na injini ndogo ya petroli. Mara ya kwanza nilipofungua boneti nilidhani wameiba nusu. Silinda tatu au nne ndogo, na pembeni tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Gari la uzito ule linapanda Ipogolo kama limesukumwa na mtu.

Gereji yetu ilikuwa na fundi anaitwa Tumaini, binti wa Kihehe aliyetoka chuo cha ufundi. Alikuwa na vipimo vya bati vilivyopangwa kama kadi, alikuwa na spana ya kupima nguvu ya kukaza, na kamera nyembamba kama waya ya kuingiza kwenye silinda, picha inaonekana kwenye simu. Mimi nilikuwa na wembe wangu wa msumeno.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Jumatatu moja ya Juni alikuja mama mmoja kutoka Kilolo, Mama Sigala, mwalimu mstaafu. Gari lake lilikuwa la aina hiyo ya tabo. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki alimteremsha hospitali ya mjini kusafishwa damu. Siku akikosa, mzee anavimba miguu na pumzi inakuwa fupi. Aliniambia hayo kwa utaratibu, kama anasoma mahudhurio ya darasa.

"Asubuhi inatetemeka kama ina homa," akasema. "Na pale mlimani inashtuka shtuka, halafu inapoteza nguvu. Fundi, mimi gari yangu si ya matembezi. Naomba usiniambie kitu kwa kunifurahisha."

Tumaini alisoma kilomita kwenye dashibodi. "Mama, badilisha plagi."

"Kitabu kinasema mpaka laki moja. Mimi sijafika hata sitini."

"Kitabu hakijawahi kuja Kilolo," akasema Tumaini. "Hii ni tabo. Plagi zake zinachoka mapema, na wewe unapanda milima kila wiki. Elfu hamsini zinatosha, ukiweza hata kabla."

Nilizitoa mimi. Nikazigeuza kwenye mwanga. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, zote. Ncha zake nyembamba kama sindano, hazikuwa na masizi. Nikamwonyesha mama. Nikamwambia hizi ni nzima, zina unyevu wa baridi tu, huyu binti atakununulisha vitu.

"Kaka Masunga," Tumaini akasema taratibu, "rangi haikuonyeshi pengo. Zipime."

"Nimepima plagi wewe ukiwa unanyonya."

Watu wawili waliokuwa pale wakacheka. Tumaini akarudi kwenye kazi yake.

Nikazipeleka jikoni kwa mama wa chai wa pale. Zikaota moto. Nikazilaza kwenye sakafu ya simenti, ambayo mwezi ule ni kama barafu, nikapima kila moja kwa upande wa meno. Mapengo yote niliyakuta madogo kuliko meno, nikayafungua kidogo. Nikazirudisha zingali moto. Gari likawaka mara moja, likatulia kabisa, na Mama Sigala akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, kama saa mbili asubuhi, nilikuwa nje na chai. Nikaliona gari lake likipita kuelekea mlimani, mzee amekaa mbele amejifunga blanketi la bluu. Nikampungia. Lilipofika kwenye kona ya kwanza nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye gari dogo: kama mtu anayepiga debe kwa nyundo. Kisha kimya. Taa za hatari zikawaka.

Tulikimbia. Mzee Sigala tulimpakia kwenye bajaji na mkewe, wakaenda. Mikono yake ilikuwa baridi na alikuwa ananiomba msamaha kwa kunisumbua. Gari tukaliteremsha kinyumenyume kwa kamba na jiwe nyuma ya tairi.

Nilifungua plagi ya silinda ya pili nikabaki nimeishika. Kaure yake nyeupe, ile inayofanana na kikombe, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka juu mpaka chini, na ncha yake pamoja na kipande cha kaure havikuwepo. Niliitazama kama mtu anayetazama mdomo wake kwenye kioo akaona jino halipo. Kipande kilikuwa ndani ya injini.

Tumaini hakusema "nilikuambia". Alichukua zile tatu nyingine, akazisogeza kwenye mwanga wa simu. Mbili zilikuwa na nyufa pia.

"Zilipata moto mkali halafu baridi ya ghafla," akasema. "Na pengo umelipanua. Kwenye tabo hewa imeshindiliwa, cheche inapata shida kuruka. Ukiipa mto mpana isiweze kuvuka, umeme unatafuta njia nyingine. Hapa umepata ufa, ukapita huko."

"Lakini injini ilikuwa imetulia. Uliisikia."

"Gari ikiwa imesimama tabo haisukumi. Ulikuwa unaisikiliza ikiwa imelala."

Wadogo zangu, miaka ishirini nilisikiliza magari yakiwa yamelala, nikayatangazia afya.

Aliingiza kamera. Tulitazama simu yake pamoja, vichwa vimekaribiana, kama watu wanaosubiri majibu ya kipimo. Pistoni ilikuwa na mkwaruzo, na kipande cha kaure kilikuwa kimejikwamisha pembeni. Alikivuta kwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kunyonya vumbi. Vingine vidogo vilishatoka na moshi. Akaitazama tabo, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. "Haijaumia. Mungu amekuona," akasema. Akaenda dukani mwenyewe kuleta plagi mpya.

Alasiri Mama Sigala na mumewe wakarudi kutoka hospitali. Huduma mzee alipata, lakini walimwambia amechelewa foleni na wakampunguzia muda. Mama aliniuliza moja kwa moja: "Ilikuwa nini, fundi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimepanga ukweli. Kilichotoka ni neno la Mwanjelwa.

"Mafuta, mama. Mafuta mabaya."

"Ee," akasema. "Niliweka Jumanne, kwa shemeji yangu kule nyumbani, ana pampu ya mkono. Nilijua." Kisha akanishukuru. Alinishukuru sana, kwa kukimbia mlimani, kwa kumbeba mumewe. Tumaini alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Alinitazama mara moja, akaenda kuosha mikono ambayo ilishakuwa safi.

Pale Ipogolo tulikuwa na desturi: kifaa kibovu kinafungwa kwenye gazeti, kinarudishwa kwa mwenyewe, ili asidhani umemwibia kizima. Nikampa Mzee Sigala lile furushi dirishani, wakati mkewe akizunguka kwenda upande wa usukani. Akalifungua. Alikuwa ameendesha mashine za kusaga Kilolo tangu ujana. Akaigeuza plagi, akagusa ule weusi wa bluu kwenye chuma kwa ukucha.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "hii imekula moto wa nje. Na majivu ya mkaa yako hapa kwenye uzi wa kukazia."

Nikageuka kutazama mkewe amefika wapi.

"Mimi sitamwambia. Utamwambia mwenyewe." Akaifunga tena kwenye gazeti, akaiweka chini ya blanketi.

Walirudi baada ya wiki mbili, Tumaini alikuwa amewaambia waje akaze na kukagua. Katika siku hizo zote sikusema. Nilijiambia gari limepona, plagi mpya zimewekwa kwa pengo dogo, zimekazwa kwa kipimo, nani ameumia? Nikaendelea na kazi. Sikupeleka plagi jikoni, hilo nililiacha, nikaona nimetubu vya kutosha.

"Kamwene, fundi," Mama Sigala akasema. Alikuwa mchangamfu. "Ile habari ya mafuta imekuwa kubwa. Niliisema kwenye jumuiya, watu wote wakashtuka. Kumbe kila mtu ana gari au pikipiki iliyowahi kumsumbua. Sasa hakuna anayenunua kwa shemeji yangu. Ameifunga ile pampu. Mkewe hanisalimii."

 Neno moja, nililolitumia kama tambara la kufutia mikono, lilikuwa limepanda mpaka Kilolo likafunga mlango wa mtu nisiyemjua. Miaka ishirini nilidhani mafuta hayana mwenyewe.

Mzee Sigala alikuwa amekaa mbele, dirisha wazi. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayesubiri gari lililochelewa.

"Mama," nikasema, "mafuta yalikuwa mazima. Plagi nilizichoma mimi kwenye mkaa. Nikazipanua. Binti huyu alinikataza."

 Lori likapita, likabadilisha gia mara tatu, likapotea kwenye kona. Kisha Mama Sigala akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua."

"Nilijua plagi," mzee akasema. "Ya mdogo wangu na pampu yake nilijua jana, mlikuwa mnanificha kwa sababu ya ugonjwa."

"Na mimi nilikuwa namshukuru huyu," mama akasema, si kwangu. Akafungua mlango wa nyuma. "Panda. Leo jioni kuna jumuiya. Utasema palepale niliposemea mimi."

Nilikaa nyuma ya gari nililokuwa nimelijeruhi, likanipandisha milima yote mpaka Kilolo bila kukohoa hata mara moja.  Kila kilima tulichopanda nilisikia tabo ikivuta pumzi, na nilikuwa nasikiliza kama mshtakiwa anavyomsikiliza shahidi.

Walikuwa watu kama ishirini, wamekaa kwenye mabenchi uani, jua bado lipo. Mama Sigala alisimama, akasema kwa sauti ya darasani: "Wiki iliyopita nilisema hapa kwamba mafuta ya shemeji yangu yaliharibu gari. Nilisema uongo bila kujua. Huyu ndiye fundi." Mzee Sigala akatoa lile gazeti. Plagi ikazunguka mkono kwa mkono wakati nasema. Bibi mmoja akaiangalia kwa karibu, akasema, "Kwa hiyo uliichoma kama kiazi." Wengine wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu shemeji mwenyewe alikuwa ameinuka.

Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye koti la sufu lililochakaa viwiko. Nilijiandaa kutukanwa. Ningependa kutukanwa.

"Nimekusikia, nimekusamehe," akasema. "Pampu nitaifungua kesho. Ila nikuulize. Umesema ulianza kuchoma hizi plagi ukiwa kijana, Mbeya. Yale magari mengine yaliyozimika, wenyewe uliwaambia ni nini?"

Uwanja wote ulikuwa unanitazama. Nikamwona Mama Sigala naye anasubiri.

"Mafuta," nikasema.

 Yule bwana alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu kirefu, akakaa. Walinipa chakula, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa kosa lingine.

Kesho yake niliteremka Ipogolo kuchukua nguo zangu. Nilishaamua nikiwa njiani kwamba naacha ufundi, na sikuwa na hasira na mtu. Nyie mtakaobaki na kazi hii, fanyeni anavyofanya Tumaini. Injini ya tabo usiingoje kitabu: badilisha plagi mapema, injini ikiwa imepoa. Puliza vumbi kwenye mashimo kabla hujafungua, lisianguke ndani. Pima pengo kwa kipimo chake, na hizi zenye ncha nyembamba usizisugue kwa brashi ya waya wala kuzipinda. Anza kufunga kwa vidole mpaka zikatae, ndipo ukaze kwa kiasi. Na mwenye gari akikuuliza ilikuwa nini, jibu lake liko mkononi mwako, limefungwa kwenye gazeti.

Nilimkuta Tumaini ameinamia injini ya mtu. Nikamwambia naondoka. Akauliza wapi, nikamwambia nitaanzia Chimala, halafu nitaona. Hakuinua kichwa.

"Kaka, nipe hiyo spana ya plagi hapo nyuma yako, ya kwako, yangu imekwama."

Nikampa. Alifanya nayo kazi nikiwa nimesimama na begi begani, akatoa ya kwanza, akatoa ya pili, akazipanga kwa mfuatano kwenye kitambaa safi. Nikangoja kidogo. Alipoingia kwenye ya tatu nikaaga, nikavuka barabara. Spana hakunirudishia, wala sikuiomba.